Mgeni wa Siku Nne

Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, wa mbele waache kusukumana. Nikisema *lilikuwepo*, mnaitikia nini?

*Likaonekana.*

Na nikisema *halikuwepo*?

*Tukalisikia hivyo hivyo.*

Haya. Lilikuwepo, halikuwepo, hapo kale, kale ya kale, kuku walipokuwa bado na meno na fisi akiamkiwa na wadogo zake, palikuwa na mji juu ya kilima, jina lake Nandimbo. Msiutafute. Nimeutafuta mimi nikiwa na miguu mizuri kuliko yenu, nikakuta kichuguu na mbuzi wa watu.

Na wewe unayekinyemelea kile chungu, rudi ukae. Muhogo ule tumeuloweka jana. Unasema una njaa leo. Najua, tumbo huwa halina kalenda. Lakini kisa hiki ni chako hasa, kaa.

Watu wa Nandimbo waliishi kwa muhogo. Walikuwa nao wa aina mbili. Ule mtamu waliupanda karibu na nyumba, wakaula wao, wakaula nyani, wakaula nguruwe mwitu, na wakaula ndugu waliokuja kusalimia. Ule mchungu waliupanda mbali, hauna mlinzi. Nguruwe alikuwa akifika pale, ananusa, anapita. Ananusa, anapita. Nguruwe, wajukuu zangu, ana busara yake, wala hakuna aliyewahi kumpa cheo.

Muhogo ule mchungu ulikuwa na desturi yake. Ukishaumenya, unauzamisha majini, unaweka jiwe juu, na kuanzia hapo huuiti tena muhogo. Unauita mgeni. Kila alfajiri, mwenye chungu anainama, anauliza, "Mgeni, umelalaje?" Siku ya kwanza mgeni hajibu. Siku ya pili hajibu. Siku ya tatu hajibu. Siku ya nne unauliza huku umebonyeza kwa kidole. Kidole kikizama kama katika ndizi mbivu, basi mgeni amejibu. Wazee walisema ameshusha mzigo wake. Ndipo unamtoa, unamwanika juani mpaka akauke awe makopa, unamtwanga, unasonga ugali. Ukila mgeni aliyelala mara moja, walisema, umekula na mzigo wake.

Mzigo gani? Hawakusema. Mtoto akiuliza aliambiwa, "Watoto hawaulizi mizigo ya wageni." Kumbukeni hapo. Nitaparudia.

Sasa mtawala wa Nandimbo akafa, akatawazwa mwanawe Mkulunga, kijana wa ndevu tatu. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya kisa kingekuwa chepesi, tungemlaani tukaenda kulala. Alikuwa kijana safi, mwenye haraka, na kila asubuhi alipotoka nje alikuta mzee ameketi kwenye kigoda anamngoja kwa methali. Akitaka kufungua njia, methali. Akitaka kuhamisha soko, methali mbili. Akaunda Baraza la vijana wenzake, na kwa kuwa Baraza bila vyeo ni watu wamekaa tu, kila mmoja akapewa cheo: Mwangalizi wa Bonde, Msimamizi wa Vivuli, na Naibu wa Msimamizi wa Vivuli, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kivulini Msimamizi akiwa juani. Mpiga mbiu alikuwa Libaba, mtu mzima wa makamo, mwenye pembe ya kuro na kumbukumbu isiyovuja. Baraza likitoa amri, Libaba huipuliza pembe yake na kuitangaza na namba yake, neno kwa neno, hata maneno yasiyokuwa na maana. Hayo ndiyo yalimchosha zaidi.

Amri ya Tatu ilisema hivi: mtu yeyote ambaye kinywani mwake hamna meno kumi na sita yanayofanya kazi, huyo amelitumikia taifa vya kutosha, naye atahamishiwa ng'ambo ya bonde kwa mapumziko ya heshima. Amri ya Nne ikasema asivuke mtu bonde kwenda kuwasumbua waliopumzika, wala waliopumzika wasivuke kuja kuwasumbua wasiopumzika.

Mnacheka. Na wao walicheka.

Basi katika mji huo alikuwepo msichana anaitwa Chekunda, umri wake kama wako wewe wa kilemba. Mama yake alifariki alipomzaa mdogo wake Mele. Baba yake alikuwa akilinda mashamba ya mtama huko mbali, anaonekana mwezi ukiandama. Aliyewalea na kuwalisha ni bibi yao, Bibi Nambwindi. Mele alikuwa na miaka mitano, na hakujua kutembea: alijua kukimbia tu. Alikimbiza kuku, alikimbiza vivuli, alikimbiza hata moshi.

Na Chekunda alikuwa amechoka. Nani alishuka alfajiri kisimani kumwamkia mgeni? Chekunda. Nani alirudi kesho yake, umande ukimkata miguu, kukiuliza chungu kililalaje? Chekunda. Wenzake walimwimbia njiani kwamba ameposwa na muhogo. Akimwomba bibi yake aruke japo siku moja, bibi hujibu, "Mara nne, mjukuu wangu." Kwa nini nne? "Kwa sababu si tatu."

Baada ya Amri ya Tatu, wakaguzi wa meno walikuja watatu. Wa kwanza alishika taya, wa pili alihesabu, wa tatu alihakikisha kwamba wa pili anahesabu. Kinywani mwa Bibi Nambwindi yakapatikana meno kumi na sita kamili, ila moja lilikuwa linatikisika. Hapo ukazuka mjadala. Jino linalotikisika ni jino, au ni jino lililo njiani? Amri ilikuwa kimya. Wakaamua kuuliza shahidi wa nyumbani.

"Binti," akasema mshika taya, "jino hili bibi yako hulifanyia kazi?"

Chekunda akafikiria umande. Akafikiria nyimbo za wenzake. Akasema, "Hapana. Hutafunia upande wa pili."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo baya lake, ilikuwa kweli tupu.

Bibi Nambwindi akamtazama mjukuu wake, akafunga kinywa. Akakunja mkeka wake, akachukua kata ya maji na khanga moja, na mlangoni akageuka akasema mambo mawili tu. La kwanza, Mele anapenda ukoko wa ugali, asipewe kipande kikubwa, utamkaba. La pili, "Mgeni, Chekunda. Mara nne." Akashuka bondeni pamoja na wenzake, arobaini na mmoja kwa jumla, wengine wakibebana. Libaba akapuliza pembe ya heshima, kwa kuwa amri ilisema ipulizwe.

Kukawa na raha Nandimbo. Asubuhi ilikuwa kimya, haina methali. Njia ikafunguliwa. Soko likahamishwa, kisha likarudishwa lilipokuwa, kwa amri nyingine.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Nasema ikakataa, haikuchelewa. Mtama ukaungua ukiwa kimo cha kidole. Nyani na nguruwe wakashuka kutoka msituni, wakaumaliza muhogo mtamu mpaka mizizi. Wakafika kwenye ule mchungu. Nguruwe akanusa, akapita.

Kwa hiyo watu wakabaki na muhogo mchungu, na njaa, na siku nne katikati. Baraza likaketi. Siku nne za kuloweka, mbili au tatu za kuanika, na matumbo yapo leo. Na maji yenyewe kisimani yanachotwa kwa kata, chungu kimoja kwa siku nne ni maji ya watu sita. Msimamizi wa Vivuli akasimama, naye alikuwa msemaji mzuri. Akasema wazee wenyewe ndio waliotufundisha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vipi basi mgeni huyu analala siku nne mfululizo, anaamkiwa kila alfajiri, na kazi hafanyi? Baraza likacheka mpaka likafuta machozi. Na kicheko kikishapita barazani, hoja imepita nacho.

Libaba akapuliza. Amri ya Kumi na Mbili: kuanzia leo mgeni analala mara moja. Asubuhi anatolewa, anachemshwa, analiwa. Salamu si lazima.

Na mnajua aliyefurahi kuliko wote ni nani? Chekunda. Aliloweka jioni, akatoa asubuhi, akachemsha, akaponda, akasonga. Ugali ulikuwa na uchungu kidogo kwenye ncha ya ulimi, lakini njaa haina ulimi. Mele akala ukoko. Kipande kidogo kidogo. Hilo Chekunda alilikumbuka. Na hiyo salamu, asubuhi ya kwanza, aliisema mara moja kwa mazoea, kisha akaona haya akaiacha.

Wiki ya kwanza watu waliumwa vichwa baada ya kula. Wengine walitapika, wengine walihisi ardhi inayumba. Baraza likaeleza kwamba matumbo yanajizoeza wingi. Wiki ya pili, ya tatu, wakazoea. Wakala. Walikula mara moja kwa siku, chakula kimoja, muhogo kwa muhogo, bila samaki, bila kunde, bila chochote.

Asubuhi moja kuku wa mwisho wa jirani akapita uani. Mele akamwona, akainuka amkimbize. Akaanguka.

Akainuka. Akaanguka.

"Dada," akasema, "kuna mtu amenishika miguu."

Chekunda akacheka, akidhani ni mchezo. Akamshika mkono amsimamishe. Miguu ya Mele ilikuwa imekaza kama michi miwili, magoti yamebanana, nyayo zimeinama chini, na ukiigusa inatetemeka yenyewe. Haikuwa inauma. Mtoto hakulia. Alikuwa anageuka nyuma tu, mara kwa mara, kumtazama huyo mtu aliyemshika.

Mbona mmenyamaza? Nyamazeni, si vibaya.

Siku hiyohiyo wakaanguka watatu wengine. Kesho yake watano. Mama mmoja wa mtoto mchanga aliinuka kuchota maji akabaki anatambaa na kata mkononi. Kabla mwezi haujafa walikuwa ishirini na watatu, wengi wao watoto na kina mama wanaonyonyesha. Wanaume waliokwenda mbali kuwinda panya na kuchimba ming'oko, viazi vya porini, walianguka wachache.

Baraza likaunda kamati ya kuchunguza miguu. Kamati ikazunguka nyumba kwa nyumba, ikarudi na taarifa: kila mgonjwa amekutwa na miguu miwili, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa, kwa hiyo hakuna upungufu. Na kwa kuwa watu walikuwa wakianguka njiani na kuleta taharuki, ikatoka Amri ya Kumi na Tisa: asianguke mtu nje ya ua wake. Libaba aliitangaza hiyo kwa sauti ndogo, namba akaimeza.

Chekunda akamfunga Mele mgongoni kwa khanga, akashika njia ya bondeni mchana kweupe. Mlinzi wa bonde alikuwa ameanguka wiki iliyopita, uani mwake, kwa mujibu wa sheria, na aliyewekwa badala yake ni Libaba na pembe yake.

"Unakwenda wapi?" akamwuliza.

"Kwa bibi."

"Amri ya Nne inakataza."

"Naijua. Wewe ndiye uliyeitangaza."

Libaba akaitazama miguu ya Mele iliyochomoza kwenye khanga, nyayo zinaangalia chini kama za mtu anayechungulia kisima. Akasema, "Mimi hupuliza pembe nikimwona mtu. Leo jua linaniingia machoni." Akageuka, akalipa bonde mgongo.

Ng'ambo, mtu wa kwanza Chekunda aliyemwona alikuwa mzee wa miaka isiyohesabika, uti wa mgongo umepinda kama mundu, anakimbiza kuku. Akimkimbiza kwa miguu yake miwili. Chekunda alisimama akamtazama, na hapo hapo, kabla hajaambiwa neno, moyo wake ukaanza kujua.

Arobaini na mmoja walivuka, na arobaini na mmoja walikuwa wanatembea. Walikuwa wamekonda, macho yameingia ndani. Walikula nini? Muhogo mchungu uleule. Na huko uani, juani, makopa meupe yameanikwa kwenye majamvi.

Bibi Nambwindi hakuuliza aliyeruhusu. Alimpokea Mele, akamlaza mkekani, akamgusa magoti, akamsukuma wayo kwa kiganja. Wayo ukatetemeka, tetete, haukukoma mpaka alipouachia. Akakaa kitako.

"Mnakula nini?"

"Muhogo, bibi."

"Upi?"

"Mchungu."

"Mgeni analala mara ngapi?"

Chekunda akaangalia mkeka. "Mara moja. Ni amri."

Bibi Nambwindi akaivuta khanga, akaifunika miguu ya Mele. Kisha akasema, "Nilikuwa na dada. Hukuwahi kusikia kwamba nilikuwa na dada."

"Sikuwahi."

"Nilikuwa na umri kama wa Mele, ikaja njaa kama hii. Watu hawakungoja. Dada yangu alishikwa hivi hivi. Walishikwa wengi. Waliobaki wazima walipojua ni muhogo, walikaa wakakubaliana tusiseme kamwe, kwa sababu mikono iliyopika ilikuwa ya mama zetu. Ungemwambiaje mama? Basi tukatunga salamu. Mgeni, umelalaje. Muhogo hausikii, mjukuu wangu. Salamu ile ilikuwa ya kuhesabia siku, ili hata mjinga asikosee. Ni sumu. Ndani mna sumu, na maji huitoa polepole."

"Kwa nini hukuniambia?" Chekunda akauliza. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa nini nne."

"Uliuliza," akasema bibi yake. "Hilo ni langu. La jino ni lako, la kutokujibu ni langu."

Chekunda akalia, kisha akajifuta, akasema yaliyomleta. Akasema ampe Mele dawa. Wazee hawakosi dawa.

"Dawa ilikuwa siku nne," akasema Bibi Nambwindi. "Aliyeshikwa haachiwi. Nimemwogesha dada yangu mpaka akafa mtu mzima, hakuachiwa. Tunaoweza kuwawahi ni waliosimama."

Mele alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Hata nikila ukoko wote?"

Mimi sitamjibia.

Wazee wakakutana. Kikao chao kilikuwa kifupi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cheo. Kama watu wa Nandimbo wataurudisha muhogo majini siku nne na kuuanika siku mbili, watakula nini siku sita hizo? Njaa itawashinda siku ya pili, watauvuta chunguni. Chakula cha salama katika bonde lile kilikuwa kimoja tu, makopa yaliyokuwa kwenye majamvi, na hayo yalikuwa maisha ya arobaini na mmoja. Wakayakusanya. Wakajitwika.

Libaba safari hii aliwaona. Akapuliza pembe mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na mji mzima ukatoka nje, waliosimama wakiwa wamesimama, waliotambaa wakitambaa, amri au si amri. Wakaona safu ya wazee inapanda kilima, vikapu vichwani, hatua na pumziko, hatua na pumziko. Wajukuu zangu, wenye meno hawakuwa na miguu, na wenye miguu hawakuwa na meno.

Mkulunga akasimama katikati ya njia. Akauliza kwa adabu kama wanaifahamu Amri ya Nne.

Bibi Nambwindi akashusha kikapu. "Mkulunga mwanangu," akasema, "mkeo yuko wapi? Simwoni."

"Amelala."

"Tangu lini?"

Mkulunga akatazama Baraza lake. Baraza likatazama vivuli.

"Tangu juzi asubuhi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Akasogea kando, akaokota kile kikapu, akakibeba mwenyewe hadi barazani.

Basi muhogo wote ukarudishwa majini, nyumba kwa nyumba, jiwe juu. Safari hii wazee walisimama katikati ya mji wakaeleza bila kuficha: ni sumu, inafanya hivi, ilitufanya hivi zamani, mama zetu ndio waliopika, na majina yao ni haya. Walitaja majina. Vizee wa miaka themanini walitaja majina ya mama zao, mmoja mmoja.

Makopa yaligawiwa, kila mtu uji wa kata moja kwa siku, watoto kwanza. Wazee hawakula. Walipopewa, walirudisha. Walisema makopa ni magumu na wao hawana meno. Watu wakawaamini, maana si ndivyo Baraza lilivyokwisha kutufundisha? Hakuna aliyekumbuka kwamba uji hautafunwi.

Siku ya kwanza mgeni hakujibu. Siku ya pili hakujibu, na wazee wawili hawakuamka. Siku ya tatu hakujibu, na wanne hawakuamka. Siku ya nne alfajiri Chekunda alishuka kisimani peke yake, akainama juu ya chungu, akauliza, "Mgeni, umelalaje?" Akabonyeza. Kidole kikazama.

Akakimbia kumwambia bibi yake. Akamkuta amelala ubavu, khanga imefunika miguu ya Mele, mkono wake umeshika wayo mmoja kama mtu aliyeuzuia usitetemeke. Alikuwa amekwisha kupoa.

Chekunda alimwosha mwenyewe. Kina mama walimsaidia kugeuza, lakini uso aliuosha yeye. Na alipokuwa akimfunga taya kwa kitambaa, alisimama, akaingiza kidole, akahesabu. Alihesabu polepole, mara mbili. Kumi na sita. Lile linalotikisika alilishika kwa vidole viwili, akalivuta kidogo.

Lilikuwa bado limeshika.

Walivuka arobaini na mmoja; siku ya sita ilipokwisha, wakabaki ishirini na tisa. Baada ya pale hakuanguka mtu mwingine Nandimbo, na walioanguka hawakuachiwa. Mkulunga alijaribu kutoa Amri ya Ishirini, kwamba Amri ya Kumi na Mbili haikuwahi kutolewa. Libaba alisema pembe imepasuka. Haikuwa imepasuka. Mkulunga akamtazama, akaelewa, akaenda nyumbani kumbeba mkewe amtoe nje aote jua, na kazi hiyo aliifanya maisha yake yote bila cheo.

Mele alichongewa fimbo mbili. Akakua akizitembelea, ngo ngo, ngo ngo, magoti yamebanana. Kila alfajiri alishuka kisimani kuliko na vyungu, naye ndiye aliyewafundisha watoto salamu ile, na kila mtoto aliyeuliza kwa nini nne alijibiwa. Alikuwa anawaonyesha miguu yake. Akaolewa, akazaa, na waliozaliwa wakazaa, mpaka akazaliwa aliyenizaa mimi. Zile fimbo mbili mnazoziona juu ya mlango, ambazo huyu mtukutu alitaka kufanyia manati, sasa mnajua ni za nani. Au ni za mwingine aliyekuja baadaye, mbao husahau. Miguu haisahau.

Na funzo ndilo hili, lina ncha mbili kama sururu. Ninyi wadogo: ukimwona mzee anafanya jambo la kipuuzi kila siku, kwa uangalifu, usicheke kabla hujamwuliza, na akikataa kukujibu, mwulize tena. Nasi wakubwa: tukiulizwa, tujibu, hata kama jibu lina jina la mama ndani yake.

Hapo ndipo nilipokitua. Anayekitaka ajitwike, asiyekitaka asikikanyage, kuna watu ndani.

Haya, wewe wa chunguni. Nenda kakibonyeze. Kidole kimezama?

*Hakijazama, bibi.*

Basi lala na njaa. Kesho utauliza tena.